Aliyefukuzwa ndiye aliyewaonyesha njia

Nanasi la Thika na neno "gereza" vilitufikia kwa njia moja ya bahari. Njia hiyo ilifunguliwa kwa elimu ya watu waliofukuzwa makwao kwa sababu ya dini.

Kisu cha muuza mananasi hakina haraka. Mama ninayenunua kwake karibu na daraja la Chania, hapa Thika, hukata kwanza taji la majani na kulitia kwenye gunia lililo miguuni pake. Kisha hukata kitako ili tunda lisimame wima juu ya ubao, akaliondoa ganda kwa vipande virefu kutoka juu kwenda chini. Hapo hubaki macho, yale madoa ya kahawia yaliyojipanga mshazari kulizunguka tunda. Huyafuata kwa ncha ya kisu, mstari kwa mstari, mpaka nanasi linatoka limechongeka kama parafujo.

"Mwalimu, hili halitaki sukari," aliniambia Jumamosi moja, akininyoshea kipande. Huniita mwalimu kwa sababu wanawe wawili niliwafundisha historia kabla sijaacha chaki. Halafu akauliza, kama mtu ambaye swali limemkaa moyoni siku nyingi: "Hivi haya mananasi ni ya hapa kwetu tangu zamani?"

Nikamjibu hapana, asili yake ni Amerika, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, na hata jina lake lilikuja na meli. "Sasa nani aliyeyaleta?" Wateja walikuwa wamefuatana nyuma yangu, nikasema tu, "Wareno," nikalipa, nikaenda zangu. Nilipofika nyumbani Ruiru jibu lile lilinisumbua. Lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa limewaacha nje watu walewale ambao historia imezoea kuwaacha nje. Makala hii ni kulipa deni hilo.

Meli zilizofungua njia hiyo zilitoka katika nchi ambazo, katika miaka ileile, zilikuwa zikiwafukuza raia wao kwa ajili ya dini. Na elimu iliyoziongoza mpaka Malindi, na kutoka Malindi mpaka India, kwa sehemu kubwa ilikuwa elimu ya hao waliofukuzwa na ya hao waliodharauliwa.

Januari hadi Agosti, 1492

Tarehe 2 Januari 1492, Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu katika Uhispania, ilisalimu amri kwa Malkia Isabella na Mfalme Ferdinand. Mkataba wa kuusalimisha mji uliwaahidi Waislamu kwamba wataachiwa dini yao. Ahadi hiyo haikudumu. Ilipofika 1502, Waislamu wa Castilla walikuwa wamekwisha kuambiwa wabatizwe au waondoke.

Wayahudi hawakupewa hata miaka hiyo kumi. Tarehe 31 Machi 1492, watawala hao walitia sahihi amri kwamba kila Myahudi asiyekubali kubatizwa awe ametoka nchini kufikia mwisho wa Julai. Familia zilizokaa Uhispania kwa mamia ya miaka zilipewa miezi minne. Dhahabu, fedha na sarafu zilikatazwa kuvuka mpaka. Mwandishi mmoja wa zama hizo anasimulia jinsi nyumba ilivyobadilishwa kwa punda, na shamba la mizabibu kwa kipande cha kitambaa. Nani angenunua kwa bei ya haki mali ambayo mwenyewe ataiacha tu?

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Isabella na Ferdinand walisema waziwazi, tena kwa maandishi.

Tarehe 3 Agosti, siku tatu baada ya ule mwisho wa Julai, Christopher Columbus aling'oa nanga katika bandari ya Palos akielekea magharibi. Katika shajara ya safari yake yeye mwenyewe aliitaja amri ya kuwafukuza Wayahudi. Mwaka uliofuata, katika safari yake ya pili, watu wake walilikuta nanasi kwenye kisiwa cha Guadeloupe. Wareno walipofika Brazili baadaye walilisikia jina lake kwa wenyeji, wakaliita ananás, wakalipakia melini. Huku kwetu likawa nanasi. Mahindi na maharagwe ya kwenye githeri, pilipili, njugu karanga na mapera, vyote vina chimbuko ng'ambo ileile. Ukiiangalia sahani ya chakula cha mchana katika kibanda chochote cha Thika, unauangalia mwaka wa 1492.

Ureno: hifadhi iliyogeuka mtego

Wengi wa waliofukuzwa walivuka mpaka wakaingia Ureno. Mfalme João II aliwaruhusu kukaa miezi minane tu, kwa malipo ya cruzado 8 kila kichwa. Walioshindwa kuondoka muda ulipokwisha walifanywa watumwa. Mwaka 1493 aliagiza watoto wa Kiyahudi wanyang'anywe wazazi wao wapelekwe São Tomé, kisiwa cha Afrika kilicho karibu na ikweta, wakalelewe huko kama Wakristo. Waandishi wa zama zile wanataja watoto wapatao 2,000. Wengi wao walikufa. Nilipokuwa nikifundisha somo hili, hapo ndipo darasa lilipokuwa likinyamaza kabisa.

João alifuatwa na Manuel I mwaka 1495. Mfalme huyu kijana alitaka kumwoa binti wa Isabella na Ferdinand, na sharti la ndoa likawa kwamba Ureno nayo isafishwe. Desemba 1496 alitoa amri: Wayahudi na Waislamu wote wawe wametoka kufikia mwisho wa Oktoba 1497. Waislamu waliachwa waende zao, kwa kuwa mfalme alihofia Wakristo waishio katika nchi za Kiislamu wangelipiziwa kisasi. Wayahudi hawakuwa na mfalme wa kuwalipizia kisasi. Maelfu walikusanywa Lisbon kana kwamba wanasubiri meli, na meli zenyewe hazikuja. Yalikuja maji ya ubatizo. Watoto walichukuliwa kwanza, kisha wazazi wakalazimishwa.

Sasa ziweke tarehe hizo kando ya nyingine. Vasco da Gama aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497. Amri ilikuwa imekwisha kutoka, siku ya mwisho haijafika. Meli zilizokuja kwetu ziling'oa nanga katika mji ambao watu wake walikuwa wakiishi kwa kuhesabu siku.

Kivuli cha mlingoti

Mmoja wa watu hao alikuwa Abraham Zacuto, mnajimu kutoka Salamanca. Alikimbia Uhispania mwaka 1492, akapokewa katika ikulu ya Ureno kwa ajili ya elimu yake ya nyota. Mwaka 1496 majedwali yake yalichapishwa katika mji wa Leiria, kwenye kiwanda cha mchapaji wa Kiyahudi, yakiwa yametafsiriwa na José Vizinho, mwanafalaki mwingine wa Kiyahudi. Kitabu hicho huitwa Almanach Perpetuum, nacho kilisaidia kuifungua bahari ya kusini.

Baharia wa Ulaya alizoea kupima kimo cha Nyota ya Kaskazini ili ajue amefika wapi. Lakini ukishuka kusini ya ikweta nyota hiyo huzama chini ya upeo, hutaiona tena. Hapo linabaki jua, nalo halitulii mahali pamoja. Kwa miezi sita hupanda kaskazini, kwa miezi sita hushuka kusini, mpaka nyuzi 23 na nusu hivi kila upande. Asiyejua leo jua liko wapi hawezi kulitumia kujua yeye mwenyewe yuko wapi.

Jambo hili nililifundisha kwa chokaa. Saa sita na nusu mchana, ambapo hapa Thika jua huwa limefika kileleni, tulitoka na wanafunzi uwanjani tukaweka alama mahali ncha ya kivuli cha mlingoti wa bendera ilipoangukia. Mwishoni mwa Machi kivuli kilikuwa karibu hakipo, kimejificha kwenye shina la mlingoti. Juni kilirefuka kuelekea kusini, kwa sababu jua lilikuwa kaskazini yetu. Novemba, shule zikikaribia kufungwa, kilikuwa kimegeuka kuelekea kaskazini. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, kumbe tungekuwa na hesabu ya kila siku tungejua tuko wapi bila ramani?" Nikamwambia hiyo hesabu ya kila siku ndiyo aliyoiandika Zacuto.

Hilo ndilo lililofanyika Novemba 1497, meli za Da Gama zilipotia nanga katika ghuba ya Santa Helena, karibu na ncha ya Afrika. Sitaha inayoyumba haikufaa kwa kazi hiyo, basi walishuka nchi kavu wakatundika astrolabu kubwa ya mbao kwenye miti mitatu, wakapima jua, wakarudi kwenye majedwali.

Na Zacuto? Aliondoka Ureno wakati wa amri ya Manuel, akakimbilia Tunis, kwa Waislamu. Huko mwaka 1504 alimaliza kitabu cha historia ya watu wake. Yeye mwenyewe alikuwa akitafuta tu mahali pa kukaa, wakati huo majedwali yake yakiwa tayari yamewapitisha wengine Mombasa na Malindi.

Mwalimu wa Malindi

Tarehe 7 Aprili 1498 meli zilifika mbele ya Mombasa. Wageni na wenyeji hawakuaminiana. Usiku, Da Gama aliamuru watu wawili aliokuwa amewakamata wadondoshewe mafuta yanayochemka mwilini ili waseme walichokuwa wakikijua. Simulizi ya safari iliyoandikwa na Mreno mmoja aliyekuwa melini inaeleza hayo bila kuficha. Tarehe 13 waliondoka, na kesho yake wakatia nanga Malindi, ambako mtawala alikuwa na uhasama wake na Mombasa. Malindi iliwapokea, ikawapa chakula, na baada ya mvutano kidogo ikawapa rubani.

Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilisema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Oman. Watafiti wengi wa leo hawakubali. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja Mwislamu wa Gujarat, na João de Barros anamwita Malemo Caná. Lisikilize vizuri hilo neno la kwanza. Ni muʻallim wa Kiarabu, cheo cha rubani katika vyombo vya Bahari ya Hindi. Ni mwalimu wetu huyuhuyu.

Barros anasimulia kwamba Da Gama alimwonyesha mwalimu huyo astrolabu yake, labda akitarajia atashangaa. Hakushangaa. Alisema marubani wa Bahari ya Shamu wana vyao vya kupimia jua na nyota. Mabaharia wa bahari hii walikuwa na kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Unauma uzi kwa meno, unakisogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota, kisha unahesabu fundo. Chombo kizima kinaingia mfukoni.

Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi likianza kuvuma, na siku 23 baadaye waliiona nchi ya India. Walipofika Calicut walimtanguliza pwani mfungwa, mmoja wa wale waliohukumiwa uhamisho ambao Wareno waliwachukua kwa kazi za hatari. Akapelekwa kwa Waislamu wawili wa Tunis, wakamsemesha kwa lugha ya Castilla. Wareno walikuwa wamezunguka nusu ya dunia, na waliowapokea ni watu wa mji uleule ambao Zacuto aliukimbilia.

Wakati wa kurudi Da Gama aliondoka bila mwalimu wa bahari hii na bila kungoja kaskazi. Siku 23 zikawa karibu miezi mitatu. Ugonjwa wa kuvimba fizi uliwashika mabaharia, 30 wakafa katika kuvuka huko peke yake. Januari 1499 waliobaki walifika Malindi na jambo la kwanza waliloomba ni machungwa. Kisha walilazimika kuichoma São Rafael, moja ya meli zao, kwa kuwa hapakuwa na mikono ya kutosha kuiendesha.

Bahari haikujali nani ana dini gani. Ilimtii aliyeijua.

Kanisa, ngome, gereza

Ingekuwa vyema kusema Wareno waliondoka na somo hilo. Hawakuondoka nalo. Mwaka 1502 Da Gama alirudi, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi, na karibu na pwani ya India akaichoma merikebu ya mahujaji waliokuwa wakitoka Makka, wanawake na watoto wakiwamo. Julai 1505 Francisco de Almeida aliitwaa Kilwa, na Agosti akaiteka na kuichoma Mombasa. Roho iliyowatoa watu majumbani mwao Granada na Lisbon ilikuwa imepanda melini pamoja na mizinga.

Lugha yetu iliweka kumbukumbu. Kutoka kwa Wareno tulichukua meza, leso, bendera, kasha, mvinyo, padri, na ile parafujo niliyoifananisha na nanasi. Tukachukua pia neno igreja, yaani kanisa. Lakini kanisa la Wareno watu wa pwani walilijua ndani ya kuta za ngome, likilindwa na mizinga, na neno likabadilika mdomoni. Likawa gereza, ngome. Mpaka leo ngome ya zamani ya Kilwa Kisiwani huitwa Gereza. Baadaye, watu walipokuwa wakifungiwa ndani ya ngome hizo, gereza likawa mahali pa kufungia watu. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa na kanisa ndani yake, na kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia kama jela.

Hapa Ruiru ndipo kilipo chuo cha kufunza askari wa magereza, na Thika kuna gereza. Maelfu yetu tunalitamka neno hilo kila siku bila kujua kwamba lilianza kama nyumba ya ibada. Mimi sijui ushahidi mzito kuliko huo wa kile ambacho shuruti huifanyia dini.

Na shuruti huambukiza. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alipelekwa Goa akiwa mtoto baada ya Wareno kuhusika katika kifo cha baba yake. Huko alilelewa na watawa, akabatizwa jina Jerónimo, akarudishwa kutawala. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus akamuua kamanda wa Kireno, akarudi katika Uislamu. Kisha naye akawaambia Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, wachague. Wengi waliokataa kuiacha dini yao waliuawa. Mtoto aliyenyang'anywa dini alikua akajua njia moja tu ya kuzungumza na mtu wa dini nyingine. Wareno wenyewe walitolewa Fort Jesus na Waomani Desemba 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu.

Maji yanakoelekea

Chania hushuka kutoka Nyandarua, huporomoka penye maporomoko yake hapa Thika, ukajiunga na mto Thika karibu na Blue Posts, hoteli ya tangu 1908. Kutoka hapo maji huingia Tana na kumwagika katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ghuba ambayo Wareno waliipa jina la Formosa. Kwa hiyo hatuko mbali na habari hizi kama tunavyodhani. Tunakunywa sehemu ya maji yanayoishia huko.

Nasi pia tunayajua maneno "rudini kwenu". Mwanzoni mwa 2008 nchi hii iliona majirani wakiambiana hivyo, si kwa dini bali kwa kabila, na wengine wakiacha mali zao kwa bei ya punda na kitambaa. Kila ninapomsikia mtu, kanisani, msikitini, au kwenye matatu ya kwenda Nairobi, akisema mji ungekuwa safi iwapo watu fulani wangeondoka, namkumbuka Manuel I. Alitaka Ureno iwe safi. Safari iliyompa utajiri na sifa ilipimwa kwa majedwali ya Myahudi, ikavushwa na rubani Mwislamu, na wote wawili hawakuwa na nafasi katika nchi yake. Mtu anayemfukuza jirani hajui ni elimu gani anaitoa mlangoni, na kwa kawaida huijua akiwa katikati ya bahari, upepo ukiwa wa mbisho.

Jumamosi iliyofuata nilirudi darajani. Safari hii wateja walikuwa wachache, nikamsimulia yule mama yote haya, tangu Granada mpaka Malindi, naye akisikiliza huku kisu kikitembea. Nilipomtaja Zacuto alisimama kidogo. "Na huyo aliyeandika hesabu, hawakumrudisha?"

"Hawakumrudisha, mama."

Akatikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kukata taji la nanasi langu, na badala ya kulitia guniani alinipa mkononi. Nikamuuliza hayo mengine huwa anayapeleka wapi.

"Nyumbani, nayapanda," akasema. "Watu hudhani ni takataka. Hili ndilo linalozaa, mwalimu."

Nimelipanda nyuma ya nyumba, Ruiru. Linahitaji zaidi ya mwaka kabla ya kutoa tunda, na majani ya katikati yameanza kuchipua.